Masika ya Kwanza ya Mwenye Ghorofa

Tarehe 4 Machi
Kuanzia leo mimi ni mwenye ghorofa. Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, na anayesema niliacha shule darasa la pili aje asome aone kama kuna herufi iliyolala. Wajukuu watataka kujua babu yao alikuaje mpaka akawa mkubwa, na sitaki wasimuliwe na bibi yao, maana yule husimulia kwa kupunguza.

Miaka mingi nilikuwa na vyumba sita vya mabati, vimezunguka ua, bomba moja katikati, na sisi wenyewe tukikaa chumba cha mbele. Vilikuwa sita tu lakini vilikuwa na adabu. Sasa vimeuzwa vyote pamoja na hicho chetu, na mnunuzi ametuacha tukae mpaka mvua ziishe. Kilichopelea tumekopa ushirika. Dhamana ni duka la mke wangu la cherehani.

Ghorofa yenyewe ina chini, kwanza, pili na tatu. Kila moja fleti nne, na zote zina watu. Ukiisimamia mbele, shingo inauma. Ndiyo raha yake.

Mke wangu alipotia sahihi ya dhamana akaweka kalamu chini akasema, "Duka ni langu, kwa hiyo sharti nalo ni langu. Msimu huu wa mvua funguo ushike wewe. Mvua zikiisha, fleti tupu zikizidi mbili, funguo anashika mkwe wetu."

"Haitakuwapo tupu hata moja," nikamwambia.

"Basi sharti halitakuuma."

Mkwe mwenyewe, mume wa binti yetu, alikuwapo, amekaa magoti pamoja kama anayepigwa picha. Kazi yake ni kusimamia majumba ya watu, na ofisi yao ina feni. Viatu vyake vina ncha ya kutobolea gunia. Akasema, "Baba ana uzoefu mkubwa." Namna alivyolitamka hilo "mkubwa" sikuipenda.

Tarehe 5 Machi
Nimefunga funguo zote kiunoni. Ni nzito. Suruali imeshuka mbele ya watu wawili.

Tarehe 6 Machi
Nimeanza kazi kama ninavyoijua. Kule uani kila alfajiri nilipita mlango kwa mlango, hodi, mmeamkaje. Ukigonga kila siku unajua nani anaumwa, nani kagombana na mkewe, nani anafunga mizigo kimyakimya. Nyumba haiendeshwi kwa karatasi, inaendeshwa kwa hodi.

Leo nimepiga hodi kumi na sita. Wengine wamefungua na mswaki mdomoni. Ghorofa ya pili anakaa mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye miwani. Kafungua mlango nusu.

"Kuna nini, mzee? Moto?"

"Hakuna. Nimekuja kuwajulia hali."

"Hali ilikuwa nzuri mpaka sasa hivi."

Nimemwona ni mtu wa utani. Tutapatana.

Tarehe 9 Machi
Nimemkuta Mama Pacha wa chini anapiga pasi. Nikamwambia pasi marufuku, inakula umeme wa nyumba, nikabandika na tangazo ngazini. Akasema mita ni yake. Nimekwenda kuangalia. Kweli, kila fleti ina mita yake. Nikarudi nikamruhusu apige, ila kwa kiasi.

Tarehe 11 Machi
Wapangaji wamenipa jina. Wananiita Mzee Hodi. Uani haikunichukua wiki moja kupata heshima, hapa napo haijachukua.

Tarehe 12 Machi
Nyuma ya ngazi nimegundua koki kubwa inayoingiza maji ya nyumba nzima. Uani nilikuwa nafunga bomba kwa kufuli kila ninapokwenda kulala, na kulifungua alfajiri, ndiyo maana maji yangu hayakuwahi kumwagika ovyo. Nimenunua kufuli jipya, kubwa kuliko lile.

Tarehe 15 Machi
Mvua ya kwanza. Pia pampu ya maji imeungua. Fundi anasema imekesha inanyonya hewa, na akaniuliza nani anafunga maji usiku. Nikamwuliza yeye watoto wake hawajambo.

Tarehe 17 Machi
Nesi wa ghorofa ya kwanza amenisimamisha kwenye ngazi. Macho mekundu.

"Mzee wangu, mimi natoka zamu usiku wa manane, mikono imeshika wagonjwa kutwa. Nikifika bomba linakohoa. Najilaza hivyo hivyo. Usingizi unapokuja, na wewe unakuja."

"Mwanangu, mtu mzima akigonga ni kwa wema."

"Najua. Ndiyo maana sijawahi kukutukana. Lakini nimechoka kukusamehe kila siku alfajiri."

Nikamwambia yeye bado kijana, atazoea.

Tarehe 19 Machi
Nesi amehama. Hakuzoea. Tupu moja. Haidhuru, nimemwambia mke wangu, hata kuku bora hupoteza unyoya.

Tarehe 22 Machi
Leo ndiyo siku ambayo wajukuu waisome mara mbili.

Mvua kubwa zinakuja, nikasema nipande nikague paa. Mabati nilikuwa nayajua kwa masikio. Mvua ikinyesha, nalala chali, nasikiliza, naamka najua msumari gani umelegea. Sasa hili ni paa la zege, tambarare kama uwanja wa mpira, lina ukuta mfupi kuzunguka. Nimelizunguka polepole kwa sababu ya goti. Na nimekuta nini? Tundu. Kila pembe tundu, upana wa ngumi, limetoboa ukuta mpaka nje. Manne.

Nilicheka peke yangu huko juu. Mafundi waliosoma wamejenga jumba lote hili wakasahau kuziba paa. Tundu kwenye paa ni adui, hilo hata mtoto anajua. Nimeshuka, nimechanganya saruji kwa mikono yangu, nimepanda tena, nimeziba yote manne na kuyalainisha kwa mwiko. Huwezi kujua kama palikuwa na tundu.

Jioni mkwe alinipigia simu. "Shikamoo baba. Samahani, mvua zimekaribia. Yale matundu ya paani, kama yatahitaji kuangaliwa..."

"Nimeshayashughulikia."

"Ahsante sana, baba. Wengi huyasahau."

"Mimi si wengi," nikamwambia, nikakata.

Tarehe 25 Machi
Mvua usiku kucha. Hakuna tone.

Tarehe 26 Machi
Mvua. Hakuna tone. Nimesimama barabarani nikaliangalia jumba langu linavyolowa nje tu.

Tarehe 29 Machi
Mvua. Tone moja, ghorofa ya tatu, kwa fundi redio. Nimemweleza kwamba lile ni jasho la ukuta.

Tarehe 1 Aprili
Mvua. Jasho limezidi. Nimempa fundi redio ndoo yangu mwenyewe, bila malipo.

Tarehe 3 Aprili
Fundi redio anasema redio ya mteja imeoga. Ameondoka, na ndoo yangu ameondoka nayo. Tupu mbili.

Tarehe 6 Aprili
Jirani yake fundi redio, wale maharusi wapya, nao wamehama. Bi harusi kasema hakuolewa ili alale na mwavuli. Tatu. Mke wangu ameniuliza leo mambo yanaendaje ghorofani. Nikamwambia ghorofa ya tatu watu wametulia sana. Si uongo. Nusu yake hakuna hata anayekohoa.

Tarehe 10 Aprili
Leo sina budi kuandika kirefu, hata mkono ukiuma.

Asubuhi Mama Pacha alinishika chini ya ngazi. Mabinti zake pacha walikuwa pembeni, sketi zimelowa mpaka magotini, na leo mvua haikuwa imenyesha.

"Mzee, waulize wewe wanatoka wapi, maana mimi wananijibu upuuzi."

Nikawauliza. Wakasema baharini.

"Bahari ipi?"

Wakaonyesha juu.

Nikapanda. Mwalimu mstaafu naye akatoka kwake akanifuata, na Mama Pacha nyuma yake. Kufungua mlango wa paani, maji yakanisalimia viatuni. Ukuta hadi ukuta, maji. Mbingu yote imelala pale na mawingu yake. Katikati zinaelea mashua za karatasi, na mojawapo niliitambua ni tangazo langu la kukataza pasi.

 Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, bwawa likawa bado lipo.

"Mzee Hodi," akasema, "hili nalo ni jasho la ukuta?"

Mkwe akaja. Nani alimpigia sijui, ila Mama Pacha simu ilikuwa mkononi. Akasimama kwenye mlango wa paani, akaangalia maji, akaniangalia, akaangalia maji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, yale matundu uliyashughulikia namna gani?"

"Kwa saruji. Mchanganyiko mzuri."

Akatafuta neno ambalo halitamvunjia heshima baba wa mkewe. "Baba, yale ndiyo njia ya maji."

"Nani anaweka njia ya maji juu ya paa?"

"Mvua, baba."

Mwalimu akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Nimekubali kuwa katika mabati maji huteremka yenyewe, na kwamba zege ni mambo mengine. Sikukubali kwa mdomo, nilikubali kwa kuvua viatu. Mkwe akataka kuingia yeye, nikamkataza. Niliziba mimi, nitazibua mimi. Yeye akateremka kuondoa watu na mabeseni chini ya jumba. Nikaingia majini na nyundo na patasi. Saruji yangu ilikuwa imara, hilo naliandika bila aibu. Nilipiga mpaka jasho likaongeza bwawa. Kizibo cha kwanza kilipoachia, kilitoka kama risasi, na maji nyuma yake.

Nikachungulia chini. Mkwe alikuwa amesimama pale pale chini ya tundu, amebeba beseni la Mama Pacha, limejaa, naye amejaa. Akainua uso.

"Yanatoka vizuri, baba," akasema.

Jioni dari ya fleti nyingine ya juu imeanguka kipande. Mwenyewe amehama na kitanda kichwani. Nne.

Tarehe 11 Aprili
Nilingoja mkwe akamsimulie mama mkwe wake. Hakusimulia. Nimemwuliza kwa nini. Akasema, "Mambo ya baba husemwa na baba." Viatu vyake bado siviafiki, lakini mdomo wake una kifuniko.

Tarehe 12 Aprili
Mke wangu amesema kesho baada ya ibada atapita kuiona ghorofa. Nyonga yake haimruhusu kupanda ngazi, kwa hiyo atasimama ng'ambo ya barabara ahesabu balkoni. "Balkoni yenye nguo ina mtu," kasema. "Mimi fundi wa nguo, sihitaji kugonga milango."

Akili haizeeki. Nimechukua nguo nyumbani, nimepanda na goti langu, na fleti zote nne tupu nimezianikia. Nimepanga vizuri: huku baba wa familia, huku mama, kule kijana mpweke mwenye soksi. Ukiangalia kutoka barabarani unaona ukoo.

Tarehe 13 Aprili
Mvua imeanza wakati wa ibada, ikanyesha ile ya kunyesha. Mke wangu akafungua mwavuli, akasimama ng'ambo, nami pembeni yake. Tukahesabu.

"Wapangaji wako wa zile fleti nne tupu ni hodari sana," akasema.

"Tupu zipi?"

"Zile zenye nguo."

Nikatazama. Balkoni kumi na mbili hazikuwa na hata leso. Kila mwenye akili alikuwa ameanua. Nne tu ndizo zilikuwa zinachuruzika, mashati yamenyoosha mikono chini kama watu waliozimia.

"Labda hawapo nyumbani," nikasema.

"Labda. Yule wa pembeni kavaa shati la mistari nililokushonea harusi ya binti yetu. Na jirani yake ana gauni langu la kijani ambalo tangu jana nalitafuta."

Nikaanza kuhesabu balkoni upya, kutoka upande wa pili.

"Hukunidanganya kwa ubaya," akaendelea, mwavuli kaushika wima, hajanisogezea. "Ulidanganya kwa nguo zangu. Lakini sikiliza, baba watoto. Lile duka nimeliketia tangu kabla binti yetu hajaota meno. Wewe ukipoteza fleti unasema unyoya. Mimi nikipoteza duka, nakuwa kuku gani?"

Sikulala vizuri. Ni kwa sababu ya mvua.

Tarehe 14 Aprili
Nimetoa kufuli kwenye koki. Nimesema limeshika kutu.

Tarehe 17 Aprili
Sikupiga hodi leo. Goti. Mwalimu amekuja kuniuliza kama ninaumwa, na aliponiona mzima akaomba niendelee hivyo hivyo.

Tarehe 23 Aprili
Mkwe ameleta mpangaji, karani mmoja mpole, kachukua fleti ya nesi ghorofa ya kwanza. Tupu zimebaki tatu, zote juu. Nimemwuliza mkwe mbona anaisaidia hesabu yangu wakati funguo zingekuwa zake. Akasema duka la mama ni duka la mama. Nimemwangalia vizuri leo. Ana masikio makubwa, ya mtu anayesikiliza.

Tarehe 2 Mei
Aliyenunua vyumba vyetu amekuja na mafundi. Anataka kubomoa achimbe msingi, ameomba tumpishe mapema. Nikamwambia mke wangu ghorofa ni yetu, twende tukakae kwetu. Akauliza fleti gani. Nikamwambia ya juu, yenye upepo. Za chini zote zina watu.

Tarehe 4 Mei
Tumehamia ghorofa ya tatu. Mke wangu amepanda kwa kituo, Mama Pacha nyuma yake na kiti, kila kona wanakiweka, anakaa, anaiangalia ngazi kama mtu aliyemkopa. Alipofika juu akasema, "Sasa nimefika. Nikishuka, nashuka moja kwa moja."

Duka analifungua binti yetu kwa sasa. Hilo mke wangu hajalisema kwa sauti, lakini anapiga mkasi hewani.

Jambo moja kubwa: fleti tuliyoingia ina watu. Tupu ni mbili. Sharti limetimia, na mvua zinakaribia kwisha. Sikulitangaza. Mkubwa hatangazi.

Tarehe 6 Mei
Mvua. Tone kifuani kwangu, mahali pa moyo. Bwawa lile liliacha nyufa kwenye zege, na viraka nilivyoweka mimi mwenyewe vimeongeza.

Mke wangu akasema, "Mwambie mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Basi mwambie kwa upole, ana hasira za karibu."

Tarehe 9 Mei
Mvua. Matone matatu. Nimemlalamikia mwenye nyumba. Anasema ni jasho la ukuta.

Tarehe 12 Mei
Nimekutana na Mwalimu kwenye ngazi, mimi nashuka kununua ndoo. Akaniita mpangaji mwenzake. Tukakaa kidogo kwenye ngazi, akanisimulia habari za mwenye nyumba wetu: hasikii, anaamini kelele zake ni huduma, ukimweleza shida anakueleza yeye alivyokuwa zamani. "Lakini si mtu mbaya," akasema. "Angekuwa mbaya tungemfukuza siku nyingi."

Nilitaka kumtetea. Nikakumbuka kitanda changu kimesogezwa katikati ya chumba, nikaenda kununua ndoo.

Tarehe 16 Mei
Mvua. Nimesogeza kitanda tena. Sasa tunalala kimshazari.

Tarehe 19 Mei
Mvua. Mke wangu ameshona turubai la kuning'iniza juu ya kitanda. Amelikunja pindo. Hata hasira zake zina pindo.

Tarehe 25 Mei
Jua siku ya nne mfululizo. Mke wangu amesema mvua zimekwisha, kwa hiyo mkwe aje, binti aje, tuhesabu.

Wakaja, tukakaa chini ya turubai. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema fleti ni kumi na sita, zenye watu ni kumi na nne, tupu ni mbili, na mbili si zaidi ya mbili, hata aliyesoma chuo hawezi kuzifanya tatu.

Mke wangu akaitikia kwa kichwa taratibu. "Umeshinda."

Mkwe akasema, "Hongera, baba," na alimaanisha, hilo ndilo lililonichoma.

"Funguo ni zako, mwenye nyumba," mke wangu akasema. "Na kwa kuwa uko hapa, nina neno kama mpangaji. Fleti inavuja. Nimesema, nimenyamaza, nimeshona. Nakupa notisi. Nahama."

Binti yetu akaziba mdomo kwa mkono. Mimi hesabu ikanipita kichwani haraka.

"Wewe ukihama mimi nabaki," nikasema. "Fleti haiwi tupu."

"Sawa. Ubaki." Akanitazama kwa yale macho anayopimia nguo. "Lakini niambie kweli, si kama mwenye nyumba. Wewe unayelala hapa, ungebaki kwa mwenye nyumba huyu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikatazama juu, turubai limebonyea katikati pale maji ya Jumatatu yalipokaa, na doa lake la kahawia. Nikakumbuka nesi, kwamba alichoka kunisamehe. Mimi nilikuwa nimemsamehe yule mzee wiki tatu tu, na nilikuwa nimechoka.

"Hata mimi nahama," nikasema.

 Binti yetu akahesabu kwa vidole, kwa sauti ndogo. "Tatu."

"Tatu," mke wangu akasema.

Nikafungua kiunoni, nikampa mkwe funguo. Alizipokea kwa mikono miwili, akainama. Suruali yangu ikapanda mahali pake. Akauliza kwa adabu kama nitamruhusu kupasua viraka vyangu vyote vya paani aanze upya, na kama tutakaa kwao mpaka amalize. Nikasema nitafikiria. Mke wangu alikuwa ameshaanza kukunja shuka.

Nikaomba kalamu. Mambo ya nyumba hufanywa kwa utaratibu. Nimeandika notisi kwa mkono wangu, herufi zimesimama, kwamba mimi na mke wangu tunahama kwa sababu ya paa, nikampelekea mwenye nyumba. Ameisoma yote, akatia sahihi bila ubishi hata wa neno moja. Watu wamemsema sana msimu huu, na mimi mwenyewe nimo. Lakini leo, naandika wazi wajukuu wajue, yule mzee alikuwa muungwana.